Uzi: Njia tambarare ya Arabuko-Sokoke ilituchosha kuliko kilima cha Shimba. Sababu ni nini?

#1 MwanaRabai
Hamjambo wanajukwaa. Mwezi Machi mwaka huu nilimchukua mama yangu, mwenye umri wa miaka 67, pamoja na wanangu wawili, tukaenda kutembea kwa miguu katika misitu miwili ya pwani yetu ya Kenya. Jumamosi ya kwanza tulikuwa Shimba Hills, ambako askari wa wanyamapori alituongoza hadi kwenye maporomoko ya Sheldrick: kilomita 2 hivi za kushuka, kisha zizo hizo kwa kupanda. Jumamosi iliyofuata tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Arabuko-Sokoke, tukaingia upande wa Gede, tukatembea kilomita 4 hivi na mwongozaji kwenye ardhi ambayo macho hayaoni mwinuko wowote.

Nilitarajia siku ya pili iwe nyepesi, ikawa kinyume. Kutoka Sheldrick mama alipanda akizungumza njia nzima, lakini kule Arabuko-Sokoke aliketi kwenye gogo mara nne, na mwanangu wa miaka 9 alilala garini kabla hatujafika barabara ya lami. Mimi mwenyewe sikuumwa na magoti, niliumwa na mashavu ya miguu. Nina maswali mawili. Kwanza, ni nini kilichotuchosha hivyo mahali pasipo na kilima? Pili, mama ameniambia kwamba Desemba anataka kutembea tena msituni karibu na bahari. Nimpeleke njia ipi ambayo ni rahisi kweli?

#2 FundiMajahazi
Karibu. Jibu langu ni fupi: mchanga. Mguu unapotua kwenye mchanga mlegevu, sehemu ya nguvu zako inaishia kuusukuma mchanga badala ya kukupeleka mbele, na kisigino kinazama kabla vidole havijanyanyuka. Watafiti waliopima jambo hili walikuta kwamba kutembea mchangani hutumia nishati mara 2 au zaidi ya ile inayotumika kwenye ardhi ngumu kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana yaliyouma ni mashavu ya miguu. Mwili wa mama ulitembea kilomita 8 siku ile, si 4.

#3 BintiKwale
Nianze na rekebisho dogo kwa mleta uzi. Ulipotembea si Hifadhi ya Taifa. Arabuko-Sokoke kwa sehemu kubwa ni msitu wa hifadhi wenye kilomita za mraba zipatazo 420, uliotangazwa kuwa mali ya serikali tangu 1932, na sehemu yenye jina la Hifadhi ya Taifa ni kipande kidogo sana upande wa kaskazini-magharibi. Wageni wanaoingia upande wa Gede hawakifikii.

Kuhusu uchovu, mimi naona mmeisahau Shimba yenyewe. Vilima vyetu vinapanda hadi mita 400 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Joto hupungua kwa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo mtu aliyesimama juu anapata nafuu ya nyuzi 2 na nusu kabla hatujahesabu upepo wa bahari, ambao unagonga vilima na kupanda navyo. Asubuhi nyingine utakuta ukungu umekaa juu ya nyasi na palahala wanatoka ndani yake. Swali lako, kwa hiyo, huenda limegeuzwa: Arabuko-Sokoke haikuwachosha kupita kiasi, ila Shimba iliwapa nafuu.

#4 SangeWaGede
Nimeongoza wageni katika msitu wa Arabuko-Sokoke kwa miaka mingi, na sipendi kuusikia ukizungumzwa kana kwamba ni msitu mmoja. Ni misitu mitatu iliyokaa bega kwa bega, na kila mmoja una udongo wake. Mashariki, karibu na barabara kuu ya Mombasa na Malindi, upo msitu mchanganyiko, wenye mibambakofi na miti mingine mingi iliyosongamana, na hapo kivuli ni kizito na mvua ni nyingi zaidi. Katikati ni ukanda wa mirihi, juu ya mchanga mweupe usio na rutuba, ambapo miti imeachana na mwanga unafika chini. Magharibi ni msitu wa mifunda, kwenye mchanga mwekundu, mfupi na mzito kiasi kwamba mtu hawezi kupenya nje ya njia. Huko ndiko anakoishi yule bundi mdogo wa Sokoke ambaye wageni huvuka bahari ili wamwone.

MwanaRabai, kabla hatujaendelea tuambie mambo matatu: mchanga mliokanyaga ulikuwa na rangi gani, njia ilikuwa pana au nyembamba, na mlianza saa ngapi.

#5 Kijana_wa_Mtwapa
Saa ndiyo jibu, mkuu. Watu wengi huingia msituni baada ya kifungua kinywa kirefu, jua likiwa limekwisha kupanda. Tembeeni saa 12 na nusu mtaona tofauti.

#6 MwanaRabai
Shukrani kwa rekebisho, Dada BintiKwale. SangeWaGede, mchanga ulikuwa mweupe, mahali pengine kama chumvi, na miti ilikuwa na vigogo vya kijivu vilivyoachana. Njia ilikuwa pana, yenye alama za magurudumu, ingawa mwongozaji alituingiza kwenye kijia chembamba mara mbili ili watoto wamwone sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu. Tulianza saa 4 na robo, tukamaliza saa 7 kasoro. Lakini, Kijana_wa_Mtwapa, Shimba nako tulianza saa 4, kwa hiyo saa peke yake haielezi tofauti.

#7 SangeWaGede
Basi mlikuwa kwenye mirihi. Nakubaliana na FundiMajahazi nusu tu. Ule mchanga haufanani na wa ufukweni. Chini ya miti umeshikwa na mizizi na majani yaliyooza, na mtu anayefuata kijia chembamba hazami. Unakuwa mlegevu kwenye njia za magari, pale magurudumu yalipousaga. Kilicho kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni jua. Mtu akisikia neno msitu hudhani kivuli, anaacha kofia garini. Kwenye mirihi, juu ya njia pana, saa 5 na saa 6 hakuna kivuli cha kumfunika hata mtoto, na mchanga mweupe unaurudisha mwanga usoni kutoka chini. Nimewaona wageni wakiungua kidevu.

#8 FundiMajahazi
Lakini ndugu yangu, amesema njia ilikuwa pana na yenye alama za magurudumu. Hapo hapo ndipo unaposema mchanga ni mlegevu. Umenisaidia bila kukusudia.

#9 SangeWaGede
Nimesaidia nusu. Nusu nyingine iko juani.

#10 Matlai_Watamu
Naomba kuleta la tatu, ambalo sisi tuliolelewa na matanga hatuwezi kuliacha: mmetembea mwezi gani? Machi ndipo kaskazi inapochoka. Upepo unakufa, kusi haijashika, na bahari inalala. Wazee wetu huyaita majira hayo maleleji, na kila nahodha anajua kwamba ni wakati wa fukuto. Jasho halimponyi mtu kwa kutoka, humponya kwa kukauka. Hewa ikiwa imejaa unyevu na haisogei, jasho linateremka mgongoni bila kukupoza, moyo unaongeza kasi, na mtu anachoka akiwa amesimama. Ndani ya msitu tambarare, ambako miti inazuia hata ule upepo mdogo uliobaki, hali huwa mbaya zaidi. Juu ya Shimba pana upepo hata wakati wa maleleji, kwa sababu mahali palipoinuka hapana ukuta.

Mimi mwenyewe nilipita njia ya mirihi mwezi wa Agosti, kusi ikivuma, nikiwa na shangazi yangu ambaye ana tatizo la nyonga. Tulitembea kwa muda wa saa 3 na hakuketi hata mara moja. Mchanga ulikuwa ule ule, na njia ni ile ile.

#11 BintiKwale
Matlai, ninakubali kuhusu upepo wa juu, lakini maporomoko ya Sheldrick hayako juu. Mtu anashuka bondeni, ndani ya msitu, na pale chini hewa haisogei. Kinachompoza mtu ni maji yenyewe, yanayoanguka kutoka zaidi ya mita 20 na kutawanya manyunyu. Wengi huingia ndani ya dimbwi kabla ya kupanda. MwanaRabai, je, mlioga?

#12 MwanaRabai
Watoto waliingia majini. Mama alilowesha leso, akajifunga kichwani, akapanda nayo hadi juu.

#13 BintiKwale
Leso iliyolowa kichwani ni jambo kubwa kuliko mnavyofikiri. Basi nusu ya ushindi wa Shimba ni ya leso.

#14 Mwalimu_Kakuyuni
Mnazungumza juu ya mwili tu, nami nataka tuufikirie moyo. Njia ya Sheldrick ina jambo la kungojewa. Mtu anayasikia maji kabla ya kuyaona, anafika, anapumzika, kisha anarudi akijua njia iliyobaki. Njia ya mirihi imenyooka, miti inafanana, na mgeni hajui kama amefika nusu au robo. Nimewapeleka wanafunzi mara kadhaa msituni, na nimejifunza kuwapa kituo: twendeni hadi kwenye bwawa, tukae, tuhesabu ndege, turudi. Tangu nianze kufanya hivyo, manung'uniko yamepungua sana, ingawa umbali haujapungua.

Kwa safari ijayo ninapendekeza Nyari. Mtu anasimama ukingoni, bonde lenye rangi nyekundu, waridi na nyeupe liko chini yake, na jua likizama ni ajabu tupu.

#15 SangeWaGede
Mwalimu, kwa heshima, umechanganya Nyari mbili. Yenye kuta za rangi ni ile ya Marafa, kaskazini-magharibi mwa Malindi, mbali kabisa na msitu wetu, na kushuka ndani yake kunahitaji magoti ya kijana. Nyari ya Arabuko-Sokoke ni mahali pa kutazamia upande wa magharibi wa msitu, juu ya ukingo, ambapo mtu anaona mifunda ikitandaa chini yake. Nayo inafikiwa kwa gari kisha mwendo mfupi, kwa hiyo kwa mama wa MwanaRabai hii ya msituni inafaa, ile ya Marafa itazamwe kutoka juu.

#16 Mwalimu_Kakuyuni
Umesahihisha vyema, nashukuru. Nilikuwa nikiizungumzia Marafa.

#17 Bibi_wa_Likoni
Wanangu, nimewasoma tangu mwanzo na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mama alikunywa maji. Mimi nina miaka 71 na nitawaambia siri ambayo watoto wetu hawaijui. Mwanamke mtu mzima akipelekwa porini na mwongozaji wa kiume, mahali ambapo hakuna choo wala kichaka cha kujisitiri kwa heshima, hanywi maji. Anabeba chupa mkononi, anainyanyua mdomoni watu wakitazama, na inarudi nyumbani imejaa. Muulize mama yako kwa upole, tena umuulize mkiwa wawili.

#18 PeteUnguja
Salamu kutoka Unguja. Hoja ya fukuto inanitatiza kwa sababu ya Jozani. Msitu wetu umekaa juu ya maji; ukichimba kidogo tu unayakuta, na wakati wa masika njia nyingine hufurika. Unyevu wake hauna mfano, upepo hauingii chini ya mitondoo na michikichi, lakini wazee wanatembea pale kila siku, wakawatazama kima punju, wakavuka barabara hadi kwenye daraja la mbao lililo ndani ya mikoko, na wanarudi wakitabasamu. Kama hewa yenye unyevu ndiyo inayochosha, Jozani ingekuwa imewaangusha watu wengi. Tofauti ninayoiona ni kwamba Jozani ina kivuli toka mwanzo hadi mwisho, na ardhi yake ni ngumu au ni ubao.

#19 Matlai_Watamu
Ndugu wa Unguja, safari ya msituni Jozani inachukua chini ya saa moja. Mama wa mleta uzi alitembea karibu saa 3. Fukuto halimwangushi mtu kwa dakika 40, linamwangusha polepole.

#20 PeteUnguja
Kweli, muda sikuuhesabu. Hata hivyo kivuli bado kinasimama.

#21 MwanaRabai
Nimerudi. Bibi_wa_Likoni, Mungu akuweke. Nilimuuliza mama jana jioni baada ya chakula. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba siku ya Arabuko-Sokoke hakunywa kitu tangu chai ya asubuhi, na sababu ni hiyo hiyo uliyoitaja. Shimba alikunywa kwa sababu askari alimwambia mapema mwendo ungekwisha saa ngapi. Nimeumia moyoni kwa kutolijua jambo hili, na nimemwomba radhi.

Lakini bado sijamaliza. Watoto walikunywa maji mengi siku zote mbili, nami pia, na sisi sote tulichoka. Maji yanaeleza hali ya mama, hayaelezi mashavu yangu ya miguu.

#22 FundiMajahazi
Mashavu ya miguu ni mchanga. Nimesema tangu awali.

#23 Bibi_wa_Likoni
Umefanya vyema kumwomba radhi. Safari nyingine tafuta mwongozaji wa kike. Siku hizi wapo. Na umpe leso ya pili.

#24 Mtafiti_Kilifi
Naingia kwa kuchelewa. Sijaona mtu akitaja mwendo wenyewe. Katika msitu wenye ndege, mwongozaji husimama kila baada ya hatua 20, anainua mkono, kila mtu ananyamaza na kutazama juu. Kusimama bila kutembea kunachosha kuliko kutembea, kwa sababu nyama za miguu hazikunji na kukunjua ili kuisukuma damu irudi juu. Wageni wenye umri mkubwa wanaokuja kutazama ndege hulalamika juu ya miguu na kiuno hata wakiwa wametembea kilomita 1 tu. Sheldrick hakuna anayesimama. Kila mtu anayafuata maji.

Kuhusu swali la pili, ambalo limesahaulika kidogo, ningeanza na hori ya Mida. Daraja la mbao linalomilikiwa na jamii linapita juu ya matope, kati ya mikoko na michu, hadi mahali pa kukaa na kutazama ndege. Hakuna mchanga wa kuzamia, upepo wa bahari unafika, na mtu akichoka anageuka tu. Desemba ndege wahamiaji kutoka kaskazini wamekwisha kuwasili, nao hula kwenye matope maji yakiwa yanakupwa.

#25 Matlai_Watamu
Naongeza hapo kwa mkazo: angalieni mwezi kabla ya kwenda. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya Mida yanakimbia haraka sana yakirudi. Juu ya daraja hapana tatizo lolote, lakini msishuke matopeni na mtu mzima bila mwenyeji anayezijua saa za maji. Nilishuka mwenyewe na wageni miaka iliyopita nikiamini kwamba tuna muda, na tulirudi maji yakiwa kiunoni. Sijawahi kurudia.

#26 BintiKwale
Na Kaya Kinondo, upande wa Diani? Ni msitu wa hekta 30 tu, njia yake ni fupi, kivuli kimefunga, na bahari iko karibu kabisa. Ni miongoni mwa makaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mtu anafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, anavua kofia, hachumi jani wala haokoti kijiwe, na mwenyeji wa Kidigo anaeleza kila mti unatibu nini. Mama wa Rabai atakuwa nyumbani, maana Rabai nako kuna makaya. Ila njia ina mizizi na mawe ya matumbawe yenye ncha, kwa hiyo avae viatu vya kufunika vidole, si ndara.

#27 SangeWaGede
Dada, kila njia nzuri lazima iwe Kwale?

#28 BintiKwale
Si lazima, Kaka. Ni bahati tu.

#29 SangeWaGede
Basi nami niitaje Gede, kilomita chache tu kutoka Mida. Mji ule wa mawe uliachwa katika karne ya 17 na msitu ukaurudia, hivyo mtu anatembea chini ya miti mikubwa kati ya kuta za msikiti na jumba la kifalme, kima wakimtazama kutoka juu. Lipo kaburi lenye tarehe ya Hijria 802, yaani 1399. Njia zimefagiliwa, ardhi ni ngumu, choo kipo langoni, na tangu 2024 nao umo katika Urithi wa Dunia. Kwa mama mwenye miaka 67, asubuhi Mida na alasiri Gede ni siku iliyotimia, na Arabuko-Sokoke anaweza kuingia saa 12 na nusu ya kesho yake kwa saa moja tu, upande wa mibambakofi, si wa mirihi.

#30 Kijana_wa_Mtwapa
Kwa hiyo saa 12 na nusu imerudi.

#31 MwanaRabai
Imerudi, kaka, nimekubali. Nimeandika hivi: Mida asubuhi maji yakikupwa, Gede alasiri, na siku ya pili saa moja ndani ya msitu mchanganyiko na mwongozaji wa kike. Kaya Kinondo itangoje Pasaka. Nikipata nafasi nitapita peke yangu njia ile ya mirihi, nikifuata kijia chembamba badala ya njia ya magari, nione mashavu ya miguu yatasema nini.

#32 Mama_Abdi_Malindi
Naomba nikuwahi, MwanaRabai. Desemba iliyopita nilipita njia ile ile ya mirihi. Tulianza saa 12 na nusu, kaskazi ikivuma, nikiwa na kofia, lita 2 za maji na viatu vizuri, tena tulifuata vijia vyembamba karibu muda wote bila kusimama kutazama ndege. Saa 3 nilikuwa nimeketi kwenye gogo kama mama yako. SangeWaGede, lile gogo lililo karibu na njia panda ya kwanza bado lipo?

#33 SangeWaGede
Bado lipo, dada. Limelainika kwa kukaliwa.